Kabla hujanunua nyumba ya mawe Mji wa Kale, Mombasa

Mjomba wangu alinunua nyumba Kibokoni mwezi wa pili. Kaskazi ilikuwa ikivuma, jua la kuchoma, na kuta zote zimepakwa rangi nyeupe ambayo harufu yake haijatoka. Aliizunguka nusu saa. Akapenda roshani, akapenda mlango wa nakshi, akapenda upepo wa bahari uliokuwa ukipanda ngazini, akatoa arubuni siku hiyohiyo. Mwezi wa tano masika yakashuka kisawasawa. Ukuta wa chumba cha kati, ule unaoshikana na nyumba ya jirani, ukaanza kutoa jasho. Kufikia Juni rangi ilikuwa imevimba malengelenge, na usiku tulisikia plasta ikidondoka sakafuni kipande kwa kipande. Tulipoibandua tukakuta simiti mpya, nene kama vidole viwili, imepigwa juu ya ukuta uliokwisha kulowa miaka na miaka. Aliyeuza alikuwa akijua. Mjomba alihangaika na ukuta ule misimu mitatu ya mvua.

Matengenezo yale yalinikalisha na waashi wazee kutwa, nikiwauliza kila walichokigusa. Tangu hapo, jamaa yeyote akitaka kununua nyumba Mji wa Kale huja kunichukua twende pamoja. Haya ndiyo tunayoyafanya, kwa mpangilio tunaoufuata. Nyumba hizi nazipenda, na nataka ziingie mikononi mwa watu watakaokaa ndani yake, wanaojua wanachonunua.

Jua kwanza unatazama kitu gani

Nyumba ya Mji wa Kale haisomeki kama nyumba ya matofali ya Nyali au Bamburi. Ukuta wake ni wa mawe ya matumbawe yaliyofungwa kwa chokaa na udongo, unene wake nusu mita, pengine zaidi. Aghalabu una nyuso mbili za mawe makubwa, na katikati umejazwa kokoto na udongo. Hauna nondo wala nguzo za konkriti. Unasimama kwa uzito wake wenyewe na kwa kuegemeana na wenzake, maana nyumba zimeshikana ubavu kwa ubavu mtaa mzima, na mara nyingi ukuta mmoja unabeba dari za nyumba mbili.

Dari za kale ni boriti za mikoko, juu yake mawe, juu ya mawe chokaa iliyotwangwa ikashikana. Boriti ya kutegemewa haizidi sana mita 3, ndiyo maana vyumba vya zamani ni vyembamba na virefu. Ukiingia chumba chenye dari ya boriti, upana wake mita 5, na huoni mhimili wala nguzo katikati, basi kuna mtu aliondoa ukuta. Uliza ni nani, lini, na uzito wa juu sasa umekaa juu ya nini. Nyumba nyingi unazoziona leo ni za mwisho wa karne ya 19 na mwanzo wa karne ya 20, kwa hiyo utakuta mchanganyiko: kuta za mawe, mbao za kupasuliwa ghorofa ya juu, roshani zenye mkono wa maseremala wa Kihindi, na paa la mabati.

Jambo la kushika kuliko yote ni kwamba chokaa inapumua. Maji ya ardhini hupanda ukutani kama mafuta yanavyopanda kwenye utambi. Ukuta wa chokaa huyatoa nje taratibu na upepo ukayachukua. Ukiuvika simiti, maji yanakosa pa kutokea. Yanapanda juu zaidi, yanalainisha udongo ulio ndani ya ukuta, na chumvi yake inakauka nyuma ya plasta na kuisukuma mpaka ibanduke. Ndiyo sababu plasta laini ya simiti, iliyonyooka kama karatasi, hunitia wasiwasi kuliko chokaa iliyochakaa. Chokaa iliyochakaa inaonyesha ugonjwa wake waziwazi.

Nenda mara tatu, na moja iwe siku ya mvua

Kama unaweza kusubiri, usinunue kabla nyumba haijanyeshewa ukiwa ndani. Mvua kubwa ni za masika, kuanzia Aprili, na Mei ndiyo kilele. Vuli ni Oktoba na Novemba. Muuzaji anayekuharakisha mwezi wa tatu, mvua ikiwa mlangoni, mwambie utarudi. Mara ya pili nenda mchana wa jua ili uone nyufa na rangi. Mara ya tatu nenda usiku baada ya isha, usikie nyumba: maji ya jirani yanayopita ukutani, panya darini, muziki wa duka la chini.

Chukua tochi yenye mwanga mkali, bisibisi ndefu, sarafu, tepu ya kupimia, gololi moja ya watoto, na uzi wenye jiwe au timazi ya fundi. Simu ipige picha kila kona, na kila picha ijulikane ni ya chumba gani. Ukifika nyumbani na picha sitini za kuta nyeupe hutajua ipi ni ipi.

Kabla ya kuingia, wasalimie wazee waliokaa barazani. Usipite kama hukuwaona. Kaa nao kidogo, unywe kahawa. Siku tuliyokwenda kuangalia nyumba moja karibu na Ndia Kuu, mzee mmoja alimwambia binamu yangu kwa upole, "Mwanangu, hiyo nyumba imeuzwa mara tatu tangu nioe. Muulize shimo la choo liko wapi." Swali hilo moja lilituokoa, na nitalirudia huko mbele.

Simama nje, utazame safu nzima

Vuka upande wa pili wa njia, au kama kichochoro ni chembamba, omba ruhusa upande ghorofa ya nyumba inayoelekeana nayo. Tazama mstari wa paa na mstari wa madirisha. Nyumba zilizo kwenye safu hushuka pamoja, kwa hiyo ukiona mstari umebonyea mahali pamoja, angalia hapo nyumba gani imezama na kwa nini.

Kisha angalia majirani wa kulia na kushoto. Kama nyumba ya ubavuni imebomolewa ikabaki uwanja, ukuta uliobaki wazi haukujengwa kukutana na mvua. Utauona una matundu ya boriti zilizong'olewa, hauna plasta, na umepoteza mwenzake aliyekuwa akiusukuma upande ule. Ukuta kama huo unahitaji kuvikwa chokaa na pengine kujengewa mihimili ya kuushikilia, na gharama hiyo ni yako. Kama uwanja huo unachimbwa msingi wa ghorofa mpya, subiri msingi uishe kabla ya kununua, kwa sababu shimo refu linalochimbwa chini ya ukuta wa mawe usio na nondo linaweza kuushusha.

Teremsha timazi kutoka dirisha la juu. Ukuta wa kale hauwi mnyoofu kabisa, hilo lisikutishe. Unalolitafuta ni tumbo, yaani mahali ukuta umevimba kuelekea njiani katikati ya kimo chake. Tumbo maana yake uso wa nje umeachana na wa ndani, na udongo wa katikati umelainika ukashuka. Gonga hapo kwa kiganja; ukisikia mlio wa kitu kitupu, umeachana kweli. Tumbo linatibika kwa fundi anayejua kufunga nyuso mbili upya kwa mawe marefu yanayopita ukuta mzima, lakini ni kazi ya kuegemeza magogo kwanza na kwenda kwa vipande vidogo. Wala usidhani ukubwa wa jengo unalikinga. Beit-al-Ajaib ya Unguja, jumba la mwaka 1883, liliporomoka upande mmoja tarehe 25 Desemba 2020 matengenezo yakiendelea, na watu wawili wakafa.

Nyufa ni nyingi na nyingi hazina neno. Ufa wa zamani una vumbi, utando wa buibui, rangi ya zamani imeingia ndani yake, kingo zimelainika. Ufa mpya ni msafi na kingo zake ni kali. Ogopa ule wa mshazari unaotoka pembe ya dirisha, mpana upande mmoja kuliko mwingine, na ule unaosimama wima pale ukuta wa mbele unapokutana na ukuta wa ubavuni, maana hapo uso wa nyumba unajitenga na safu. Waashi wetu wana njia rahisi. Wanabandika kipande chembamba cha kioo juu ya ufa kwa plasta, wanaandika tarehe, wanakiacha. Ukirudi baada ya miezi miwili kioo kimekatika, nyumba bado inatembea.

Panda paa mwenyewe

Usikubali kuambiwa paa ni zima. Panda, au mlipe fundi apande mbele yako na apige picha. Kutu ya mabati na misumari iliyolegea utaiona mwenyewe, sitaisemea sana. Kinachoua nyumba za safu ni gata la kati, pale paa lako na la jirani yanapokutana na maji ya nyumba mbili yanaanguka kwenye mtaro mmoja juu ya ukuta wa pamoja. Mtaro huo ukiziba kwa mavi ya njiwa, majani na mifuko, maji yanafurika ndani ya ukuta kutoka juu. Hakuna anayeuona kwa sababu uko katikati, na hakuna anayeusafisha kwa sababu kila mmoja anadhani ni wa mwenzake. Ukuta wa mjomba ulilowa kwa namna hiyo. Tuliondoa humo debe tatu za uchafu, na chini yake kulikuwa na mti wa mforsadi umeota, mizizi imeingia kati ya mawe.

Miti iliyoota ukutani itazame kwa makini kila mahali. Kijiti cha mtini chenye majani manne darini kinaweza kuwa na mzizi wa mita nzima ndani. Kuukata juu tu hakusaidii.

Angalia pia tangi la maji. Mombasa maji ya mfereji huja kwa zamu, kwa hiyo karibu kila nyumba ina tangi juu. Lita 1,000 za maji ni uzito wa tani moja. Uliza tangi limekaa juu ya nini: juu ya ukuta mnene, au katikati ya boriti zilizowekwa kubeba watu na mikeka tu? Tazama dari iliyo chini ya tangi kama imebonyea au ina alama ya maji ya rangi ya chai.

Ukiwa juu, ingiza kichwa kwenye nafasi iliyo kati ya dari na mabati na umulike upande wa jirani. Ukiona mwanga wake, maana yake ukuta wa kati haukupandishwa hadi kwenye mabati, na moto ukiwaka nyumba ya tatu utasafiri humo mpaka kwako. Kuupandisha ukuta huo si gharama kubwa, lakini lazima ujue mapema na mkubaliane na jirani.

Vichwa vya boriti

Hapa ndipo ninapokaa muda mrefu kuliko mahali pengine popote.

Boriti huoza kuanzia kichwani, sehemu iliyozama ndani ya ukuta, ambayo huioni. Katikati inaweza kuwa ngumu kama chuma na kichwa kimekuwa unga. Kwa hiyo usiridhike kuitazama dari ukiwa umesimama katikati ya chumba. Leta ngazi. Panda mpaka pale boriti inapoingia ukutani, ushike bisibisi, usukume ncha kwa nguvu ya mkono tu karibu kabisa na ukuta, upande wa chini na ubavuni. Boriti nzima itakataa. Ncha itaacha alama ndogo tu. Katika nyumba ile ya karibu na Ndia Kuu, boriti ya nne kutoka dirishani iliipokea bisibisi mpaka kwenye mpini bila kelele, kama unachoma mkate uliolala. Nilipoivuta ilitoka na uchafu mweusi wenye unyevu. Ya tano hivyohivyo, ya sita nusu yake. Zote tatu zilikuwa chini ya bafu la ghorofani. Dalali alikuwa ametuambia boriti zimepakwa rangi nyeusi mpya "kwa mapambo".

Fanya hivyo kwa kila boriti iliyo chini ya choo, bafu, jikoni, gata na tangi, na kwa chache za mahali pakavu ili upate cha kulinganisha. Tafuta njia nyembamba za udongo zinazopanda ukutani kuelekea mbao, hizo ni za mchwa. Zivunje kidogo uone kama wako hai. Ukikuta unga laini umekusanyika sakafuni chini ya boriti au chini ya fremu ya mlango, ni wadudu wanaotoboa mbao. Fagia, urudi baada ya wiki. Unga mpya ukionekana, bado wanakula.

Ujue pia boriti mpya hazipatikani kwa kwenda tu kukata. Mikoko iko chini ya Huduma ya Misitu ya Kenya na kuivuna kunataka kibali. Kubadilisha boriti ishirini ni hesabu ya kufanya kabla ya kukubali bei.

Kuna kitu kibaya kuliko boriti mbovu, nacho ni slabu ya konkriti iliyomwagwa juu ya kuta za kale ili kuondoa boriti. Slabu ni nzito, na haiendi na ukuta wa mawe na chokaa. Ukuta ukishuka kidogo slabu inabaki, na uzito wote unakalia pembe. Na kama mchanga uliotumika ulikuwa wa baharini, chumvi yake inakula nondo. Tazama chini ya slabu. Ukiona mstari wa kutu, konkriti imepasuka ikafuata nondo, au vipande vinaning'inia, mlete mhandisi wa majengo kabla hujaendelea na jambo lolote.

Kuta za ndani na jirani aliye nyuma yake

Zunguka kila chumba na sarafu, ukigonga plasta kuanzia chini hadi kimo cha kifua. Plasta iliyoshika inalia nzito. Iliyoachana inalia kama debe. Weka kiganja ukutani sehemu ya chini, halafu juu, ulinganishe ubaridi. Nusa. Kabati lililosukumwa ukutani lisogeze, na kama umekatazwa kulisogeza, hapo ndipo pa kutazama. Unga mweupe kama chumvi ya mezani ukutani ni chumvi kweli, na mahali ilipofika ndipo maji yanapofika. Ikiishia nusu mita kutoka chini kwenye ukuta wa chokaa, ni kawaida ya mji huu. Ikifika dirishani, nyuma yake kuna simiti, au bomba linalovuja, au vyote viwili.

Sasa toka, ubishe hodi kwa jirani. Watu wengi huona haya kufanya hivi, na ndiyo hatua inayofichua mengi zaidi. Jitambulishe, sema unataka kuwa jirani yao, omba kuona upande wao wa ukuta. Nyuma ya ukuta wa chumba chako cha kulala kunaweza kuwa na bafu lao, au jiko, au mashine za kufulia za biashara. Waulize boriti zao zimekaa kwenye ukuta huo au wana ukuta wao. Waulize gata linasafishwa na nani. Jirani akikukatalia kabisa kuona, fikiri mara mbili, kwa kuwa siku utakapotaka kutengeneza ukuta huo utahitaji kuingia kwake.

Pima vyumba vyote kwa tepu na uchore ramani yako, hata kama ni ya mkono. Katika nyumba za urithi mipaka huwa imepindana. Chumba kilicho juu ya sebule yako kinaweza kuwa cha ndugu wa upande wa pili aliyefungua mlango miaka hamsini iliyopita, au ngazi yako ndiyo njia yao ya kwenda juu. Ulichopima ndani kikizidi au kikipungua kuliko kilicho kwenye hati, pata jibu.

Choo, maji, umeme

Shimo la choo. Nyumba nyingi za huku bado zinategemea shimo, na baadhi ya mashimo yako ndani ya nyumba, chini ya ua au chini ya sakafu yenye vigae. Yakijaa, yalizibwa tu na jingine likachimbwa kando. Katika nyumba aliyotutajia yule mzee, shimo la kwanza lilikuwa chini ya jikoni, limefunikwa kwa mbao na simiti nyembamba, na ukuta wa pamoja ulikuwa unasimama ukingoni mwake. Piga sakafu kwa mpini wa mchi mahali pote, usikilize. Weka gololi sakafuni uone inakimbilia wapi; ikikimbilia mahali pamoja kutoka pande zote, sakafu inashuka hapo. Halafu uliza lori la kunyonya maji taka husimama wapi, na kama bomba lake linafika, maana vichochoro vingi haviingizi gari. Kama kuna kisima cha ndani, kifunue, na usinywe maji yake kabla hayajapimwa.

Umeme sitauongeza maneno. Kama nyaya ni za zamani, hesabu kuzibadilisha zote, na hakikisha mita ni ya nyumba hiyo na haina deni.

Karatasi, kabla ya shilingi moja

Mombasa ina jambo ambalo mgeni halijui, nyumba bila ardhi. Mtu anamiliki jengo, kiwanja ni cha mwingine, na kila mwezi au mwaka hulipwa kodi ya kiwanja. Ukinunua hapo unanunua kuta na paa tu. Hati ya ardhi hutapata, na mwenye kiwanja akiamua kuuza wewe uko juu ya ardhi yake. Nyumba kama hizi huuzwa na kununuliwa kila siku, lakini bei yake haipaswi kuwa sawa na yenye hati. Uliza swali hili kwanza: "Unauza nyumba na ardhi, au nyumba peke yake?"

La pili ni wakfu, yaani mali iliyofungwa kwa njia ya dini. Mali ya wakfu haiuzwi, hata kama anayekaa humo amezaliwa humo. Uliza Tume ya Wakfu kabla ya kwenda mbali. La tatu ni warithi. Nyumba ya babu aliyefariki zamani inaweza kuwa na warithi Mombasa, Lamu, Dubai na Muscat, na sahihi ya mmoja haimfungi mwingine. Taka kuona uamuzi wa mirathi kutoka Mahakama ya Kadhi au mahakama nyingine inayohusika, majina ya warithi wote, na ridhaa ya kila mmoja. Nimeona nyumba nzuri ikikaa mahakamani mpaka paa likaanguka kwa sababu dada mmoja hakuulizwa.

Wakili wako, si wa muuzaji, afanye sachi, yaani atafute kwenye ofisi ya ardhi mali imeandikwa kwa jina la nani, athibitishe kodi za kaunti zimelipwa, na kama muuzaji ameoa au ameolewa, apate ridhaa ya mwenzake. Weka akiba ya ushuru wa stempu, ambao kwa mali ya mjini ni asilimia 4 ya thamani. Kama chini kuna duka lenye mpangaji, soma mkataba wake, maana wapangaji wa biashara wanalindwa na sheria yao wenyewe na huwezi kumwambia atoke mwisho wa mwezi.

Mji wa Kale ni eneo la hifadhi. Kubadilisha uso wa nyumba, roshani, madirisha au kuongeza ghorofa kunahitaji idhini ya Makumbusho ya Taifa pamoja na kaunti. Nenda ofisi yao ya uhifadhi ukiwa bado mnunuzi mtarajiwa, uulize kama nyumba hiyo ina kesi au notisi, na nini kinaruhusiwa. Wanazijua nyumba hizi vizuri.

Na mlango. Uandike kwenye mkataba, na picha yake iambatishwe: mlango wa nakshi, fremu yake, kizingiti cha juu, makomeo. Kuna watu wameamka siku ya kukabidhiwa funguo wakakuta mlango wa mbao za kiwandani.

Fundi, bei, na gata

Mkishafika hapo, mlete mwashi aliyefanya kazi na chokaa. Muulize chokaa yake huiloweka muda gani kabla ya kuitumia; akikuambia anachanganya na simiti ili ishike haraka, mshukuru umtafute mwingine. Mwombe akuandikie kila kazi na bei yake, ukatoe hiyo kwenye bei ya nyumba mezani mbele ya muuzaji, boriti kwa boriti, pamoja na picha zako.

Mambo matatu hunifanya mimi niondoke bila kurudi: tumbo kubwa kwenye ukuta wa pamoja na jirani asiyetaka kushirikiana, shimo chini ya msingi, na warithi wasioelewana. Mengine yote, hata boriti kumi mbovu, hata paa lote, yana bei na yana fundi.

Kabla ya kutia sahihi, panda paa na jirani wako mpya. Mwoneshe gata la kati, mkubaliane kwa maandishi litasafishwa na nani na lini, na gharama itagawanywaje. Mjomba na jirani yake wana karatasi hiyo, sahihi mbili na shahidi. Kila mwisho wa Machi wanapanda pamoja na ndoo na ufagio, mjomba upande wake, jirani upande wake, na wanakutana katikati.